Neno Lililo Wazi Nyumbani
JUMANNE

Soma Mathayo 5:37. Kristo anatuagiza nini kuhusu maneno yetu ya kila siku?

Mwaka 1944 daktari Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya watoto wenye akili waliopata shida kuelewana na wenzao. Leo hali hiyo huhesabiwa kuwa aina ya usonji. Si jeuri, si laana, wala si malezi mabaya.

Msimu wa korosho huko Mtama, ndugu mwenye hali hii akiambiwa, “Nakuja sasa hivi,” husubiri mpaka akakasirika. Akiulizwa kama korosho ni safi, huzitaja mbovu zote mbele ya karani wa chama cha msingi. Jamaa huona wameaibishwa, nao humwacha nyumbani. Lakini aambiwe, “Chambua gunia hili, mbovu weka huku, saa saba tunakula,” aweza kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Je, yeye ndiye aliyekosea, au ni maneno yetu?

Soma 1 Wakorintho 12:21-25. Ni nani katika familia yako au darasa lako la Shule ya Sabato anayehesabiwa mkaidi, kumbe hajaambiwa wazi? Utasema naye vipi juma hili?