Somo la Kikundi: Picha za Setilaiti na Kina cha Bahari Yetu



Wakulima wa mwani wa Kibuyuni na Gazi wanajua haya: ukikita vigingi mahali panapokauka maji yakipwa, jua huunguza mwani. Ukikita penye kina kirefu, akina mama hawawezi kusimama wakafanya kazi. Je, twaweza kukadiria kina kabla ya kukata vigingi?

Inavyofanya kazi

Mwanga wa jua una rangi nyingi. Ukiingia majini, nyekundu humezwa mapema. Kijani hushuka zaidi, na katika maji safi buluu hufika mbali kuliko zote. Setilaiti hupima mwanga unaorudi juu, na kompyuta hulinganisha rangi hizo. Picha za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, hutolewa bure. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10.

Picha hudanganya wapi?

1. Nyasi za bahari ni nyeusi, kwa hiyo maji mafupi ya Diani huweza kuonekana marefu.
2. Wakati wa mvua, mito Ramisi na Mkurumudzi huleta tope. Chagueni picha ya siku ya maji safi, isiyo na mawingu wala mawimbi.
3. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Lazima mjue saa ya picha.

Kazi yenu: bildi

Picha peke yake haijui mita. Ninyi ndio mtakaoifundisha.

- Fungeni jiwe kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita.
- Pimeni mahali pengi, penye mchanga na penye nyasi. Andikeni mahali, siku na saa.
- Toeni kimo cha maji cha saa hiyo kilicho katika jedwali la Kilindini. Mfano: bildi mita 3, jedwali mita 2, andikeni mita 1.
- Mpeni mtaalamu vipimo hivyo, lakini bakini na vichache vya kukagulia kazi yake.

Angalieni: ramani hii ni ya kupangia shamba. Msiitegemee kupitisha chombo chenye watu kwenye mwamba.

Mjadiliane

Nani kati yetu anaijua bahari hii zaidi? Tutampimaje mtaalamu akileta ramani tayari? Someni Luka 14:28.