NJIA YA KWENDA HOSPITALI KWA BAISKELI: TUIPIME KABLA YA UGONJWA

Katika vijiji vingi vya Kilosa na Mikumi baiskeli ndiyo gari la kwanza la wagonjwa. Mama mjamzito, mtoto mwenye homa, mzee aliyeishiwa nguvu, wote tunawapokea wakiwa wameletwa kwenye keria. Mara nyingi safari huanza usiku, bila mpango. Mwezi huu tujifunze kupanga njia mapema kwa kutumia ramani ya simu.

Ramani ya simu hufanyaje kazi?

Simu ya kisasa hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo angani, hivyo huweza kujua mahali ilipo hata pasipo na mtandao. Lakini ramani yenyewe huja kwa mtandao. Basi ipakuliwe mapema, ukiwa mjini. Programu ya Organic Maps ni ya bure, na ukishapakua ramani yake huhitaji bando njiani. Hutumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea. Hapa kwetu kundi la Crowd2Map lilianza mwaka 2015 kuongeza vijiji na njia za Tanzania. Kama njia ya kijijini kwenu haimo, nanyi mwaweza kuiongeza.

Hatua za kufuata

1. Weka alama nyumbani, zahanati na hospitali. Chagua safari ya baiskeli, si ya gari. Anayekaa Ulaya, kati ya Kilosa na Mikumi, apime pande zote mbili.

2. Geuza kilomita kuwa saa. Simu hukadiria mwendo wa mtu anayeendesha peke yake. Anayesukuma baiskeli yenye mgonjwa huenda mwendo wa miguu, kilomita 4 hivi kwa saa. Kilomita 12, ambazo mwendeshaji huzimaliza kwa saa 1, kwa mgonjwa ni saa 3.

Hapa ndipo penye hatari. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Kwa nyumba iliyo mbali hivyo, kungoja uchungu ndipo itafutwe baiskeli si mpango. Mama ahamie karibu na hospitali kabla ya siku zake kufika.

3. Ipite njia hiyo mchana na kuwauliza wenyeji. Ramani haijui kina cha maji. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 ziliufurisha mto Mkondoa, ukaingia Kilosa na kuharibu reli. Kwa hiyo pangeni njia mbili: ya kiangazi na ya masika, hata kama hiyo ya pili ni ndefu.

4. Angalieni wanyama. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kwenye simu ni mstari tu wa lami. Tembo, nyati na simba hawaonekani. Usipite humo kwa baiskeli. Ipakie kwenye basi.

5. Ichore njia kwenye karatasi na kuandika saa zake, kisha ibandike ukutani. Betri huisha, na mwenye simu anaweza kuwa shambani.

Wasiofaa kupakiwa kwenye baiskeli

Aliyepoteza fahamu, aliyeumia mgongo au kuvunjika paja, na mama anayetokwa damu nyingi wasikalishwe kwenye keria. Wabebwe wamelazwa kwenye machela wakati gari likitafutwa. Kwa dharura ya mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga, pigeni 115, namba ya bure ya huduma ya m-mama. Pigeni kwanza, ndipo mwanze safari.

Maswali ya kujadiliana

- Kutoka nyumbani kwetu hadi hospitali ni saa ngapi kwa mgonjwa anayesukumwa?
- Mto ukijaa, tutapita wapi?
- Ni nani jirani mwenye baiskeli nzima, pampu na viraka?
- Ni mama gani hapa kijijini anayekaribia kujifungua, na je, amekwisha kupata mahali pa kukaa karibu na hospitali?