Dondoo muhimu: 拍, kanji (herufi ya Kijapani) ya makofi na mapigo

Mwaka 1970 mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz walitumbuiza Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo '70. Kwa kuwa muziki ni mapigo, mwana Morogoro anayeanza Kijapani ana sababu nzuri ya kuanza na 拍.

• Tumia daftari la hesabu lenye miraba. 拍 ina mistari minane. Mitatu ya kushoto ni alama ya mkono: wa mlalo, wa wima wenye ndoano chini, kisha wa mshazari. Huo wa tatu usiushushe. Huanzia chini kushoto ukapanda.

• Kulia ni 白, nyeupe. Usihangaike na rangi, ipo kwa ajili ya sauti “haku” tu.

• Ijifunze ndani ya maneno: 拍手 (hakushu), makofi ya kupongeza; 拍子 (hyōshi), mapigo ya muziki.

• Kijapani chenyewe huhesabiwa kwa mapigo, na hapa ndipo Waswahili tunapojikwaa, maana tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Osaka ina mapigo manne: o-o-sa-ka. Hyōshi matatu: hyo-o-shi. Piga kofi moja kwa kila pigo, yote yalingane. Ukiona haya mbele za watu, panda njia ya Morningside, Uluguru, ufanyie mazoezi huko.