Namna ya Kubuni Aina za Vyombo vya Angani

Mtu akitaka kutunga hadithi ya watu wasafirio baina ya sayari, hana budi kwanza kuwapa chombo. Hapo ndipo watungaji wengi wa rika langu huharakisha. Huchora manowari yenye mizinga mia, kisha nyingine yenye mizinga mia mbili, na tofauti ya aina moja na nyingine huwa ni ukubwa tu. Hadithi ya namna hiyo huchosha upesi, kwa kuwa chombo kiwezacho kila kitu hakimtii msomaji hofu. Katika somo hili nataka kuonyesha njia nyingine: kwamba aina ya chombo hutokana na kazi yake na mahali kifanyiapo kazi hiyo, na kwamba yale kisiyoyaweza ndiyo yazaayo hadithi.

MFANO WA PWANI

Jambo hili si geni kwetu. Tazama vyombo vya pwani ya Afrika ya Mashariki. Ngalawa ni nyembamba na nyepesi, nayo ina matengo ubavuni yaizuiayo isipinduke. Humfaa mvuvi apitaye penye maji machache. Jahazi lina tumbo kubwa la kupakia shehena, nalo lilisafiri baina ya Arabuni na pwani yetu kwa kungoja pepo zake, kaskazi kuja na kusi kurudi. Tishari halina sura nzuri wala mwendo, lakini meli kubwa ikitia nanga mbali na nchi kavu, shehena yake haifiki pwani bila tishari. Hakuna fundi aliyesema, "Leo nitaunda aina ya pili, iwe kubwa kuliko ya kwanza." Maji, upepo na mzigo ndivyo vilivyoamua. Kwa hiyo nimeyatwaa majina haya kwa vyombo vya ulimwengu wangu wa hadithi.

SHERIA YA UZITO

Angani kiamuacho ni uzito na mwendo. Roketi husonga mbele kwa kutupa gesi nyuma kwa nguvu. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1903, nayo yaweza kuelezwa hivi: kila mara chombo kinapoongeza mwendo uliolingana na mwendo wa gesi zake, uzito wake hugawanywa kwa 2.72, maana sehemu iliyobaki imekwisha kutupwa nyuma.

Tuseme gesi zatoka kwa kilomita 3 kwa sekunde. Ili roketi itoke ardhini na kuanza kuizunguka dunia, pamoja na kushinda hewa na uvutano, yahitaji mwendo wa jumla wa kilomita 9 kwa sekunde na zaidi kidogo. Tuchukue 9 ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni mara 3 ya mwendo wa gesi. Basi 2.72 × 2.72 × 2.72 ni kama 20. Maana yake, katika tani 20 zilizosimama ardhini, tani 19 ni za kuchomwa, na 1 tu ndiyo ifikayo juu. Na ndani ya tani hiyo moja mna matangi, injini, rubani na mzigo wenyewe.

Aliyeielewa hesabu hii hatachora tena chombo kimoja kiondokacho duniani, kikafika Mirihi, kikapigana vita, kisha kikarudi bila kutia mafuta. Atagawa kazi, na kazi zikigawanywa, aina hujitokeza zenyewe. Mimi nimepata tano.

AINA TANO

1. Tishari. Kazi yake ni kupanda kutoka ardhini mpaka kwenye njia ya kuizunguka dunia, na kushuka tena. Kwa kuwa lapita hewani, lahitaji umbo la kupasua hewa, na ngao ya kulikinga na joto kali la kushuka. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu wa Apollo 11 mwezini mwaka 1969, ilikuwa na urefu wa kama mita 110 na uzito wa karibu tani 2,900. Kilichorudi duniani ni chumba cha watu 3, kisichotimia tani 6.

Bandari ya tishari yafaa iwe karibu na ikweta, yenye bahari upande wa mashariki. Pale ikweta dunia yenyewe huzunguka kuelekea mashariki kwa kama mita 465 kwa sekunde, na mwendo huo roketi huupata bure. Tena ikianguka, itaangukia majini. Pwani ya Kenya ina sifa hizo zote mbili, na Waitalia waliweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Basi mtungaji wa Kiswahili hana haja ya kuazima bandari ya mbali.

2. Gati. Hiki ni kituo kisichoshuka kamwe. Tishari huleta mizigo hapo, na vyombo vya mbali huipakia. Kwa kuwa huko hakuna hewa ya kupasua, gati laweza kuwa na umbo lolote, hata likafanana na mapipa yaliyounganishwa ovyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichoanza kuunganishwa mwaka 1998, kina uzito wa kama tani 420, nacho huzunguka kama kilomita 400 juu yetu. Kilipelekwa kipande kimoja kimoja, kwani hakuna roketi ambayo ingekiinua kizima.

3. Jahazi. Hili husafiri kutoka gati hadi gati, baina ya sayari, wala halitui ardhini. Injini yake yafaa iwe ya ayoni, itupayo gesi kidogo sana lakini kwa kasi kubwa, kama kilomita 30 kwa sekunde. Kwa gesi hizo, kuongeza mwendo wa kilomita 9 kwa sekunde hutaka tani 35 tu za gesi katika chombo cha tani 135. Zile 100 hubaki. Walakini injini hiyo ni dhaifu. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn, kilichoondoka mwaka 2007 na kufika Vesta mwaka 2011 na Ceres mwaka 2015, kilisukumwa kwa nguvu isiyozidi uzito wa karatasi moja mkononi. Kilihitaji siku 4 kuongeza mwendo wa kilomita 96 kwa saa. Jahazi basi halikimbilii mtu wala halimkimbii mtu.

Tena lina msimu wake. Dunia na Mirihi hukaa mahali pafaapo kwa safari mara moja kila miezi 26 hivi. Anayechelewa hungoja, kama nahodha aliyepitwa na kaskazi.

4. Ngalawa. Hii ni ya kushuka mahali pasipo hewa, kama mwezini. Mfano wake ni kile chombo kilichotua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Miguu yake minne ilitanuka kando kama matengo. Hakikuwa na viti. Marubani wawili walisimama, ili uzito upungue. Hakikuwa na ngao ya joto, na kuta zake zilikuwa nyembamba sana. Uvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya uvutano wa dunia, na kupanda kutoka mwezini hutaka kama kilomita 1.8 kwa sekunde tu. Kwa gesi za kilomita 3, katika tani 18 zitabaki 10. Ndiyo maana ngalawa yaweza kuwa ndogo. Lakini ikithubutu kushuka duniani, itaungua.

5. Safina. Hii ni ya kwenda kwenye nyota nyingine. Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa kufika Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, ungechukua zaidi ya miaka 70,000. Mtungaji ana njia mbili. Ama safina iwe kijiji kizima, ambamo watu huzaliwa, husoma na huzikwa. Ama abuni injini isiyopata kuonekana. Akibuni, na aseme mapema bei yake ni nini, wala asiibadilishe katikati ya hadithi.

Na manowari je? Manowari ni jahazi lililoacha shehena ili kubeba silaha. Kila kombora ni uzito, na uzito huo umenyang'anywa mafuta, maji au chakula. Mtungaji aonyeshe ni nini kilichoachwa gatini, na ni nani alikuwa akikingoja.

CHOMBO KIKITOLEWA KATIKA KAZI YAKE

Mwezi wa Aprili 1970, Apollo 13 ilipokuwa kama kilomita 320,000 kutoka duniani, tangi la oksijeni lililipuka, na chombo kikuu kikaanza kuishiwa na umeme na hewa. Watu wake watatu, James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, wakahamia katika ile ngalawa yao ya mwezini. Ilikuwa imetengenezwa kwa watu 2 na kwa siku 2 hivi. Ikawahifadhi watu 3 kwa muda wa siku 4 kasoro kidogo. Hewa chafu ya pumzi zao ikazidi. Vichujio vya kuisafisha vilikuwamo tele katika chombo kikuu, lakini vilikuwa vya mraba, na tundu za ngalawa zilikuwa za duara. Wakaviunganisha kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mipira ya kupitishia hewa na utepe wa gundi. Mwisho walirudi katika chumba chenye ngao, wakaiacha ngalawa, maana haikuweza kupita hewani, nao wakafika salama tarehe 17 Aprili.

Hakuna hata mzinga mmoja katika habari hii. Hofu yake yote yatoka katika vipimo: watu wangapi, siku ngapi, mraba au duara. Kama ngalawa ile ingekuwa chombo kiwezacho kila kitu, pasingekuwa na jambo la kusimulia.

ZOEZI

Kabla ya kuchora chombo chochote, jibu maswali haya. Chatoka wapi, na chafika wapi? Chabeba nini? Chapata wapi mafuta na hewa? Chalazimika kungoja nini? Na ni jambo gani kisiloliweza kabisa?

Kisha jaribu hili. Mtu mmoja hutumia kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Jahazi lenye watu 6 limebakiwa na kilo 600 za oksijeni, wala halina njia ya kutengeneza nyingine. Na gati lililo karibu li mbele yao kwa mwendo wa siku 150. Fanya hesabu kwanza. Ukiisha kulipata jibu, mchague nahodha wako, ndipo uanze kuandika.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne