Somo la Wiki: Ziliungana au Ziliunganishwa?

Leo tunatazama kitenzi -unga na jinsi kinavyobadilika. Mfano wetu unatoka katika michezo ya shule za mashambani, huku huku Marekani.

Kusini-mashariki mwa jimbo la Indiana kuna umoja wa michezo uitwao Ohio River Valley Conference. Wanachama wake ni shule ndogo za sekondari, zikiwemo Milan, South Ripley, Rising Sun na Jac-Cen-Del. Katika umoja wa namna hii, shule za jirani zinazokaribiana kwa ukubwa hukubaliana kucheza zenyewe kwa zenyewe kila msimu, ili wachezaji wasisafiri mbali. Mwanachama mmoja akitoka, ratiba ya wote hubadilika.

Milan ndiyo yenye jina kubwa. Mwaka 1954, ikiwa na wanafunzi 161 tu, ilitwaa ubingwa wa jimbo wa mpira wa kikapu kwa kuifunga Muncie Central 32 kwa 30. Mwaka 1959 jimbo lilipitisha sheria ya kupanga upya shule zake, na shule nyingi ndogo zikaunganishwa. Litazame jina Jac-Cen-Del: ni vipande vya majina ya tarafa tatu, Jackson, Center na Delaware.

Sasa, shule mbili zikiwa moja, utasimuliaje?

Ziliungana (-ung-an-a). Hii ni kauli ya kutendana: kila moja iliitaka nyenzake.

Ziliunganishwa (-ung-an-ish-w-a). Ile -w- ya kutendwa inaonyesha kwamba aliyeamua ni mwingine. Msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?"

Ilijiunga na umoja. Kiambishi -ji- kinasema shule ilitenda kwa hiari yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa ilijitoa na ilitolewa. Na umoja wenyewe ukifa, ulivunjika hakumtaji mtendaji, lakini ulivunjwa kunamaanisha yupo aliyeuvunja.

Msidhani ni herufi tu. Mzee aliyechezea shule ambayo haipo tena akikusikia ukisema "shule ziliungana", anaweza kukukatiza: "Hatukuungana, mwanangu. Tuliunganishwa." Silabi chache zinaeleza kama watu wa kijiji waliulizwa au waliambiwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize kwanza nani aliamua.

Zoezi. Jaza nafasi kwa umbo linalofaa la kitenzi kilicho kwenye mabano, kisha eleza sababu.

1. Shule yetu iliomba nafasi, ikakubaliwa, na ime______ na umoja wa michezo. (-unga)

2. Wazazi walipinga, lakini shule zetu mbili zili______ na bodi. (-unga)

3. Tangu msimu wa 1997–98, katika mashindano ya kikapu ya jimbo la Indiana, kila shule ina daraja lake. Hu______ humo hasa kulingana na idadi ya wanafunzi. (-weka)

4. Safari zilikuwa ndefu mno, basi shule ikapiga kura na ika______. (-toa)

Wazazi, wasaidieni watoto kwa swali moja mezani: shule mliyosoma nyinyi bado ipo, au iliunganishwa na nyingine? Mtoto aandike jibu kwa sentensi tatu na kupigia mstari kila kitenzi. Tutasahihisha pamoja darasani.