Sukari Yako Iko Sawa. Na Insulini Je?

Barua nyingi safari hii, kuhusu insulini na kansa ya utumbo, zimetoka Skuta, nyingine Kamakwa na Karatina. Nimejibu zile zinazoniudhi na zile zinazoninyima usingizi. Anayetaka kujua kisukari ni nini amwulize muuguzi wa kliniki yake.

Nilipima sukari kwenye duka la dawa hapa Skuta kabla ya chai, ikasoma 5.4. Kweli tumbo limenitangulia, lakini sukari ikiwa sawa, habari ya insulini na kansa ya utumbo inanihusu nini?

Inakuhusu wewe hasa. Nimechoka kusikia "sukari yangu iko sawa". Mashine ile hupima sukari. Haipimi kazi iliyofanywa kuiweka pale. Mafuta yakijaa kwenye ini na kuzunguka matumbo, misuli na ini huanza kuwa sugu kwa insulini. Kongosho hujibu kwa kuitoa kwa wingi zaidi na zaidi, na sukari inabaki palepale 5.4. Fikiria matatu iliyojaa ikipanda mlima: ukitazama spidi tu utasema gari halina shida, kumbe injini inanguruma. Hali hiyo huweza kuendelea miaka mingi. Siku sukari inapopanda, kongosho limekwisha kushindwa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hamwambiwi. Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Huziamuru seli zikue. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo pale amri hiyo haikosi msikilizaji. Insulini nyingi pia hufungulia kichocheo kingine cha ukuaji, IGF-1, ambacho kwa kawaida hushikwa na protini katika damu. Seli iliyoharibika, ambayo ingepaswa kufa, inahimizwa iishi na kugawanyika. Ndivyo vinyama vinavyopata nguvu ya kuota utumboni, na kwenye vinyama hivyo ndiko saratani nyingi za utumbo mpana huanzia, polepole, kwa muda wa kama miaka kumi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1994 Gail McKeown-Eyssen wa Toronto, na mwaka uliofuata Edward Giovannucci wa Harvard, walionyesha kwamba mambo yanayoleta kisukari cha aina ya pili na yanayoleta saratani hii yanafanana mno: kitambi, kukaa kitako, vyakula vilivyokobolewa.

Usikimbilie maabara kudai kipimo cha insulini. Chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno. Mwanamume akifika sentimita 94, mwanamke 80, tuna la kuzungumza. Tazama na shingo. Juzi mama mmoja alinijia na shingo iliyochubuka kwa sababu binti wa saluni alikuwa akimsugua weusi kwa ndimu na brashi, wakidhani ni uchafu. Ngozi nyeusi, nene, yenye mikunjo shingoni na kwapani mara nyingi ni insulini iliyozidi. Ndimu haiitoi.

Nimeambiwa mwenye kisukari ana hatari ya kansa hii kwa asilimia 30 zaidi. Yaani watatu kati ya kumi wetu?

Hapana! Ni kwamba kundi lisilo na kisukari likitoa wagonjwa kumi, kundi kama hilo lenye kisukari litatoa kama kumi na watatu. Wengi wenu hamtaipata kamwe.

Je, sindano ya insulini inaleta kansa?

Barua kadhaa zimeuliza hili, na mzee mmoja ameandika kwamba tayari ameacha sindano. Mzee, irudie leo, kisha umpigie simu daktari wako. Utafiti mkubwa ulioitwa ORIGIN, uliotoa matokeo mwaka 2012, ulifuatilia watu zaidi ya 12,000 kwa zaidi ya miaka sita. Waliodungwa insulini aina ya glargine hawakupata saratani zaidi kuliko wenzao. Aliyewatisha anauza kitu. Muulizeni ni nini.

Kansa ya utumbo si ya Wazungu? Bibi zetu hawakuijua.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago kule Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ni adimu Afrika, akataja nyuzinyuzi za chakula kuwa ndiyo sababu. Hakusema ngozi nyeusi ni kinga. Bibi yako alikula githeri, nduma na uji wa wimbi, kisha akapanda mteremko na kuni mgongoni, na misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kudai insulini nyingi. Wewe unapanda boda kutoka Skuta hadi mjini, kisha unarudi na chapati. Serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia afya kwa wote mwaka 2018, kaunti yetu ya Nyeri iliingia kwa ajili ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele. Na saratani ya utumbo mpana sasa ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana Kenya.

Smokie moja kwa siku ina ubaya gani?

Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18, kwa hesabu ya wataalamu wa saratani wa WHO, 2015.

Ile poda ya kusafisha utumbo inayouzwa stejini?

Nunua maharagwe.

Nina miaka 58 na kisukari. Naona damu chooni tangu mwaka jana. Nilipewa miti shamba ya bawasiri, huisha kisha hurudi.

Baba, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Damu ya saratani pia huja na kupotea, kwa hiyo dawa yoyote itaonekana imefanya kazi. Mwongozo wa Kenya unataka watu wa miaka 45 hadi 75 wapimwe hata wasipoumwa: kinyesi kila mwaka kutafuta damu isiyoonekana, au kamera ya utumbo kila miaka kumi. Wewe umekwisha kuiona damu, hivyo kipimo cha kinyesi hakikufai tena, omba kamera. Nenda hospitali ya rufaa wiki hii, upimwe na wingi wa damu. Na mtu akikuambia ni bawasiri bila kukupima kwa kidole, usitoke kwenye kiti mpaka akupime.