Bafa Ikizidi Nguvu, Floridi Huzama: Vidokezo vya Kupima Maji ya Kerio

Ukipima maji ya visima vya Kerio, Lodwar au Kakuma, utaulizwa kwanza: floridi ni kiasi gani? Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi hapo kwa miaka, meno yake huota madoa. Mashine ya kromatografia ya ioni hujibu swali hilo vizuri, ila bafa (kimiminika kinachosukuma sampuli kupitia kolamu) ikikosewa hudanganya.

1. Anza na bafa nyepesi. Kolamu haiishiki sana floridi, kwa hiyo hutoka mapema kuliko ioni wenzake, ikigusana na bonde linaloachwa kwenye mchoro na maji ya sampuli yenyewe. Bafa nzito huizamisha bondeni humo, na namba utakayosoma ni ya kubahatisha. Kolamu nyingi hutosheka na kaboneti ya sodiamu ya milimoli 1.8 hadi 4.5 kwa lita, pamoja na baikaboneti kidogo.

2. Salfeti itakuchelewesha. Kaboneti ina chaji mbili, salfeti pia. Ukizidisha kaboneti maradufu, muda ambao kolamu inaishika salfeti hupungua kwa karibu nusu, lakini wa floridi haupungui hata theluthi. Ukipunguza kaboneti, basi, floridi inajitenga huku salfeti ikijikokota kama ngamia aliyegoma. Isubiri itoke! Ukiingiza sampuli nyingine mapema, salfeti ya kwanza itachomoza katikati ya mchoro wa pili.

3. Maji ya magadi yazimue. Maji ya Ziwa Turkana yana pH ya karibu 9, na baikaboneti yake huvuruga mwanzo wa mchoro, pale pale floridi ilipo. Yachanganye na maji safi ya maabara. Kisha tia sehemu 1 ya bafa iliyokolezwa mara 100 kwenye sehemu 99 za sampuli, bonde lipungue. Sampuli sanifu nazo zifanyie hivyo hivyo, wengi husahau.

4. Usihangaike na pH kwa sababu ya floridi. Kwenye bafa hii tayari yote ni ioni. Fosfeti ndiyo huhamahama pH ikibadilika.

5. Chupa iwe ya plastiki. Floridi hukaa siku 28 bila dawa yoyote. Naitreti ina saa 48, tena kwenye ubaridi. Ukitoka Lodwar bila barafu, isahau.